Kiraka cha Neno Moja

Chukua kufuli linalokubali ufunguo wowote, mradi mwizi awe na subira ya kujaribu mara mia mbili tatu. Mwaka 2012 baadhi ya kompyuta zenye kanzidata ya MySQL zilikuwa hivyo. Sergei Golubchik, mmoja wa wahandisi wa MariaDB, kanzidata ndugu ya MySQL, aligundua kwamba anayejua jina la mtumiaji angeweza kubahatisha nenosiri lolote, na kila jaribio lilikuwa na nafasi moja kati ya 256 ya kupokewa.

Chanzo kilikuwa kidogo mno. Programu hulinganisha alama ya nenosiri uliloandika na ile iliyohifadhiwa. Jibu likiwa sifuri, zimefanana, pita. Lakini jibu hilo, namba pana, lilikuwa likibanwa liingie kwenye baiti moja. Mara mojamoja kilichosalia baada ya kubanwa kilikuwa sifuri ilhali namba yenyewe si sifuri, na mlango ukafunguka. Dawa, yaani kiraka, ilikuwa neno moja lililoongezwa kwenye mstari mmoja wa msimbo.

Msimbo ulikuwa ule ule kila mahali, lakini si kila mashine iliyoathirika. Vifurushi vilivyotolewa na MySQL wenyewe vilikuwa salama. Vya Ubuntu, mmoja wa mifumo ya Linux, ya biti 64 ya wakati huo havikuwa. Tofauti ililetwa na namna kifurushi kilivyojengwa, na maktaba ya mfumo kiliyoiegemea. Kwa hiyo mtu anayefungasha programu anashika usalama wa watu asiowajua, na katika Linux wengi wa wafungashaji hao wanajitolea. Mfumo wa Debian umeendeshwa hivyo tangu 1993.

Shida ni kwamba kila toleo lina siku yake ya mwisho. Toleo kubwa la kanzidata ya PostgreSQL hutunzwa miaka mitano. MySQL 5.7 iliishia Oktoba 2023, na mfumo wa CentOS 7 ukafuata tarehe 30 Juni 2024. Baada ya hapo mashine inaendelea kuwaka kama kawaida, ila kasoro mpya ikigunduliwa hakuna anayeileta dawa mpaka mlangoni.

"Si wahamie toleo jipya?" Swali hili huulizwa na mtu ambaye hajawahi kuhamisha mfumo wa hospitali. Hospitali za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kwa mfano, ziliichukua Care2x, programu huria iliyoandikwa kwa PHP juu ya MySQL, zikairekebisha ifae mazingira ya hapa. Programu za kizazi hicho ziliandikwa kwa desturi za wakati wake. PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, iliondoa kabisa amri za zamani za kuongea na MySQL. MySQL 5.7 ya mwaka huo huo ikaanza kukataa maswali ya kujumlisha ambayo matoleo ya nyuma yaliyapokea bila neno. Toleo la 8.0 likalichukua neno "groups" kuwa la kwake, na mwenye jedwali la jina hilo akajikuta ripoti zake hazifunguki. Mtu mmoja wa TEHAMA mwenye wagonjwa dirishani hawezi kuyarekebisha yote hayo wikiendi moja.

Wala hawezi kuchukua kifurushi kipya akakipachika kwenye mfumo wa zamani. Ni kama treni ya TAZARA inayopita Makambako: hukanyaga reli za upana wa milimita 1067. Ikifika Kidatu inakutana na tawi la reli ya kati lenye upana wa milimita 1000, na mzigo lazima uhamishwe behewa hadi behewa. Maktaba kuu ya Linux, glibc, ndiyo upana wa reli. CentOS 7 ina glibc 2.17, Ubuntu 22.04 ina 2.35. Kilichojengwa kwenye Ubuntu hiyo kikipelekwa CentOS 7 mara nyingi hakiwaki hata kidogo.

Kazi ya mtunzaji wa kujitolea ni kuhamisha mzigo huo. Anaichukua dawa iliyoandikwa kwa toleo jipya, anaitoa peke yake, anaishonea kwenye msimbo wa zamani, kisha anajenga kifurushi upya juu ya mfumo ule ule wa zamani. Mimi hufanya hivi usiku hapa Njombe, na Juni vidole vinaganda kwenye kibodi. Kiraka hukubali vipande viwili na kukataa cha tatu, kwa sababu mistari iliyokizunguka imebadilika tangu toleo langu. Nafungua mafaili mawili sambamba, nasoma mstari kwa mstari mpaka nielewe mwandishi alikusudia nini, ndipo nashona. Kushona kunaweza kuchukua dakika ishirini. Majaribio yanakula usiku mzima: kanzidata inaandikiwa maelfu ya safu, inazimwa ghafla kama umeme umekatika, inawashwa, inaulizwa ilichonacho.

Sipendi mtu akichukulia kazi hii kuwa ruhusa ya kutohama. Seva ya aina hii isiwe wazi kwenye intaneti, na nakala ya akiba ikae kwenye mashine nyingine, tena iliyokwisha kujaribiwa kurejeshwa. Viraka vinanunua muda wa kuhama kwa utulivu.

Kinachokosekana zaidi ni wajaribu wenye mashine halisi za zamani. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imeacha kuzihudumia kompyuta za biti 32 kama mfumo kamili, na watengenezaji wengi wa mbali hawana tena moja ya kujaribia. Kwenye stoo za ofisi kati ya Njombe na Makambako bado zipo. Kama unayo moja, rejesha juu yake nakala ya kanzidata yako, hesabu safu za kila jedwali, weka kifurushi kipya, uzime na kuwasha, kisha hesabu tena. Namba zikitofautiana hata kwa safu moja, hiyo ndiyo taarifa tunayoisubiri.