Kabla ya kumpeleka mtoto matembezi ya msituni, sema anachoumwa

Kisarawe. Ilikuwa saa 2:30 asubuhi basi dogo liliposhusha kundi letu kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, takribani kilomita 30 kutoka katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Tulikuwa wazazi, walezi na watoto wa mtaa mmoja. Mimi nilikwenda na mpwa wangu.

Mpango ulikuwa rahisi: kutembea, kula chakula tulichobeba na kurudi nyumbani kabla ya jioni.

Saa ya kwanza ilikuwa ya kelele na vicheko. Watoto walikimbizana na vipepeo, wakamsumbua mwongoza watalii kwa maswali. Alipowaambia kuwa Mto Msimbazi, ule unaofurika pale Jangwani, unaanzia kwenye vilima hivi, hawakuamini.

Kwenye mlima wa pili, mvulana wa miaka tisa aliketi juu ya gogo akasema amechoka. Nilimtania kuwa ni mvivu, mpwa wangu anampita. Watoto wakacheka, naye akainuka.

Hatukufika mbali. Alianza kulia huku ameshika mapaja. Chupa yake ya maji ilikuwa bado imejaa.

Hapo ndipo mama yake aliposema kwa sauti ya chini: mtoto ana selimundu.

Baadaye aliniambia kwa nini alinyamaza. Mara mbili mwanaye aliachwa kwenye safari za wenzake baada ya yeye kusema ukweli. Safari hii aliona bora akae kimya, mtoto naye afurahi.

Kina baba wawili walimbeba kwa zamu hadi barabarani, akapelekwa hospitali. Alilazwa usiku mmoja, akaruhusiwa.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nilipaswa kuuliza kabla ya kutania.

Kwa nini maumivu yalimpata

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Chembe nyekundu za damu hubadilika umbo na kuwa kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Upungufu wa maji mwilini, uchovu mkubwa na baridi vinaweza kuyachochea.

Hata hivyo, hiyo si sababu ya kumfungia mtoto ndani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku. Mwenye selimundu naye anahitaji kucheza, ila kwa kiasi chake, akinywa maji na kupumzika mara kwa mara. Muulize daktari wake kabla ya safari.

Ufanye nini

Mzazi, mweleze kiongozi wa kundi faraghani iwapo mtoto ana selimundu, pumu, kifafa au mzio. Mwambie dalili za mwanzo na dawa iko mfuko upi. Dawa ya pumu ya kuvuta haitakiwi kubaki kwenye basi.

Kiongozi, uliza kila mzazi kabla ya kuondoka, na usimwache mtoto kwa sababu ya jibu utakalopewa. Punguza urefu wa njia. Jua mapema hospitali ya karibu ni ipi na gari litasubiri wapi.

Njiani, simamisheni watoto kila baada ya dakika 20 hivi wanywe mafunda machache, bila kusubiri kiu. Mtoto akisema kichwa kinauma, anasikia kizunguzungu au kichefuchefu, mpelekeni kivulini, mlegezeni nguo na kumpa maji. Akianza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu, msimnyweshe kitu. Mpoozeni mwili kwa maji na kumuwahisha hospitali.

Na mtoto akisema amechoka, mwaminini.

Kundi letu linapanga kurudi Pugu, kwa njia fupi zaidi. Mama yake amekubali, daktari pia. Tumekubaliana mvulana yule atembee mbele, na sisi wengine tufuate mwendo wake.