Ndege Ndogo Haitui Kwenye Mikoko

"Mwanangu nesi, ile ndege ya madaktari haiwezi kuja?"

Bibi mmoja aliniuliza hivyo usiku, katika kijiji cha delta ya Rufiji. Mkwe wake alikuwa na uchungu wa kuzaa kwa siku ya pili.

"Mama, itatua wapi?" nilimjibu. Nje palikuwa na mikoko, tope na maji yaliyokupwa. Tulisubiri maji yajae ndipo mashua ielee. Mzazi alipona. Mtoto hatukumpata.

Akina mama wapendwa, ndege ndogo ni rafiki mkubwa wa mgonjwa, lakini yafaa tujue uwezo wake na mwisho wake.

Hapa kwetu ilifika kwanza kwa ajili ya vita. Mwishoni mwa 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika mito ya delta. Waingereza walileta ndege kuitafuta, na mwaka 1915 wakasafisha kiwanja katika kisiwa cha Mafia, ng'ambo ya delta. Tarehe 11 Julai 1915 rubani na mwenzake waliruka juu ya mikoko wakielekeza mizinga mpaka manowari ikaangamia. Ndege yao nayo ilipigwa ikaanguka majini, ila wote wawili walipona.

Baadaye chombo hicho kilipata kazi njema. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya kuwafuata wagonjwa wa mbali kwa ndege. Ndiyo iliyozaa Amref ya leo.

Ndege za kazi hiyo ni kama Cessna 206, yenye nafasi ya watu 6 pamoja na rubani, na Caravan, kubwa zaidi, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982. Zote zina injini moja. Mabawa yapo juu, mbali na majani na mawe, na viti huondolewa ili kupisha machela au makasha ya chanjo. Kiwanja kifupi cha udongo huzitosha.

Lakini lazima kiwanja kiwepo, kikavu, kisicho na ng'ombe, tena rubani akione. Kwa mama wa delta, safari ya ndege huanza na mashua.

Basi, mjamzito, weka akiba ya nauli mapema. Zungumza na mwenye mashua, ujue na saa za maji. Kama ni mimba ya kwanza, ya mapacha, au uliwahi kupasuliwa, wiki za mwisho kakae kwa ndugu karibu na hospitali. Ukitokwa damu, ukiumwa sana kichwa au ukiona giza machoni, ondoka mara moja. Uchungu usikuzidi saa 12 ukiwa nyumbani.

Mkwe wa yule bibi alipopata mimba nyingine, bibi mwenyewe alimleta Kibiti mwezi mmoja kabla. Alijifungua salama mtoto wa kike. Hatukuhitaji ndege, tukamshukuru Mungu.