Wakala na Dalali wa Bima: Istilahi Mbili na Nahodha wa Lamu

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno wakala na dalali hutumiwa aghalabu kana kwamba ni visawe. Katika sheria ya bima nchini Kenya, maneno hayo yanatajia kazi mbili tofauti. Makala haya yanafafanua tofauti hiyo kwa kurejelea Lamu, ambako safari baina ya Amu, Manda, Pate na Kiwayu hutegemea vyombo vya majini.

Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. Wakala ni atendaye kwa niaba ya mwingine. Dalali, katika matumizi ya mwambao, ni anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi kwa ujira, au anayenadi mali mnadani. Sheria ya Bima (Sura ya 487) huwatenganisha kwa kigezo cha uwakilishi: wakala huuza bima kwa niaba ya kampuni ya bima, ilhali dalali humwakilisha mteja na kumtafutia bima imfaayo miongoni mwa kampuni mbalimbali. Wote hulipwa kamisheni.

Hakuna kati yao aruhusiwaye kufanya kazi bila kusajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, iliyoundwa kufuatia marekebisho ya sheria ya mwaka 2006. Wakala hutakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya bima. Dalali huwa ni kampuni, nayo hulazimika kujikatia bima ya makosa ya kitaaluma. Usajili huhuishwa kila mwaka.

Tofauti hii ina uzito. Nahodha anayekatia jahazi lake bima hupaswa kueleza ukweli wote muhimu: umri wa chombo, mbao zilizooza, ajali zilizotangulia. Akiuficha, hata kwa kutoelewa swali, kampuni yaweza kukataa kumlipa fidia chombo kikizama. Fomu nazo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Hivyo nahodha asiyekijua humtegemea amfasiriaye. Iwapo mfasiri huyo ni wakala, yafaa nahodha ajue kwamba mbele yake ameketi mwakilishi wa kampuni.

Kwa kuhitimisha, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kusanifisha istilahi za bima na kuzifasiri fomu zake, basi, ni kazi inayowasubiri wanaisimu na wafasiri wa Kiswahili.