Mzee Afa wa Samoa: aliyesimama kando ya kamba

Ninyi vijana munaopenda mieleka, ule mchezo ambao wengi kwetu wanauita "catch". Pengine munajua jina la Roman Reigns, ama la Yokozuna, yule mutu mnene kama nyumba. Lakini munajua nani aliwatengenezea njia? Mwezi huu tuongee juu ya mzee Afa Anoa'i.

Afa alizaliwa Samoa mwaka wa 1942. Samoa ni visiwa vidogo katika bahari ya Pasifiki. Wamisionari walifika kule mwaka wa 1830, na mpaka leo mchungaji ana heshima kubwa kijijini. Baba ya Afa alikuwa mchungaji. Jamaa ikahamia Marekani, na Afa akiwa bado kijana akaingia jeshi la inchi ile. Kisha akajifunza mieleka. Alipokwisha kujua kazi, hakuificha. Akamfundisha mdogo wake Sika, na wawili wakawa ekipe moja.

Ekipe yao iliitwa Wild Samoans, ni kusema Wasamoa wa pori. Hapa habari inaanza kuuma. Mbele ya watazamaji walipaswa kuonekana kama washenzi: nywele zimesimama, miguu bila viatu, wanakula samaki mbichi, Kiingereza hawajui. Meneja wao Lou Albano, mzungu, ndiye aliwasemea. Muwaze kidogo! Mutoto wa mchungaji, mutu aliyevaa nguo za jeshi la Marekani, analipwa juu ya kujifanya hana maneno. Sisi Wakongo tunajua uzito wa neno "mshenzi". Wazee wetu waliitwa vile wakati wa ukoloni, na hawakulipwa hata makuta moja.

Lakini Afa na Sika walifanya kazi ile kwa ufundi. Kati ya 1980 na 1983 walishika ubingwa wa ekipe mara 3 katika kampuni kubwa ya WWF. Wengine watasema: "Catch ya vile ni uongo tu, mshindi anajulikana mbele." Ni kweli, wanapatana mbele nani atashinda. Lakini kuanguka hakuna uongo. Mgongo unapiga mbao kweli, na magoti yanazeeka kweli.

Mwili ulipoanza kuchoka, Afa alifanya nini? Hakukaa nyumbani kuhesabu sifa za zamani. Mwaka wa 1992 alirudi kama meneja wa ekipe mpya, Headshrinkers: Samu, mutoto wake mwenyewe, na Fatu, mutoto wa dada yake. Meneja hapigani. Anasimama chini, kando ya kamba, anapiga kelele, anaonya, anachokoza wapinzani. Sifa zinakwenda kwa wale walio juu. Mwaka wa 1994 vijana wale wakashika ubingwa uleule wa ekipe ambao wazee wao walikuwa nao. Mzee alikuwa pale chini, anatazama.

Tena alifungua shule ya mieleka Pennsylvania, jimbo ambalo nalo linajulikana kwa migodi ya makaa. Hakufundisha jamaa yake tu. Batista, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia na baadaye mchezaji wa sinema, alipita katika mikono yake.

Tusifiche bei ya kazi ile. Yokozuna, mutoto wa ndugu yake, alikufa mwaka wa 2000 akiwa na miaka 34. Unene uliompa jina ulikuwa umelemea mwili wake. Umaga, mdogo wake Fatu, alikufa kwa moyo mwaka wa 2009, na miaka 36 tu. Ninyi wababa wa migodi munajua jambo hili kuliko sisi tunaoandika: kuna kazi inayolisha nyumba na kula mwili wa yule anayeleta chakula. Kumrithisha mutoto kazi ya namna ile si jambo la kuchekea.

Mwaka wa 2007 Afa na Sika waliingizwa pamoja katika jumba la heshima la WWE. Lakini siku tunayopenda zaidi ni nyingine. Oktoba 2020, Roman Reigns, mutoto wa Sika, alimshinda Jey Uso, mutoto wa Fatu. Wazee wawili wakatokea, wakamvika Roman shingoni ula fala, mkufu mwekundu ambao Samoa unavaliwa na wakubwa wa jamaa. Hakuna samaki mbichi tena. Vijana wao wanasema kwa vinywa vyao wenyewe, na wanajiita wakubwa.

Sika alikufa Juni 2024. Afa akamfuata Agosti, na miaka 81. Walianza pamoja, na hata miezi miwili haikupita katikati yao.

Baba, mama, je, ile kazi munayoijua munaifundisha, ama munaificha? Kama inaua, mutoto wako amekwisha kusikia kinywani mwako namna ya kujilinda? Na wewe kijana, yule mzee anayesimama kando anakuonya, ulimwambia aksanti lini?