Tebo Kwenye Simu: Kadi 21 Zinatosha

Muulize mtoto wa darasa la nne saba mara nane ni ngapi, kisha mwangalie midomo. Wengi huanza kunong'ona: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, saba mara tatu ishirini na moja... Hamsini na sita wanaifikia, lakini baada ya kupita majibu mengine saba ambayo hakuna aliyewauliza. Tusiwaite wazembe, maana ndivyo tulivyowafundisha. Tebo tunaiimbisha darasa zima kwa sauti moja, toka mwanzo hadi mwisho, na kitu kilichoingia kama wimbo hutoka kama wimbo: kila mstari unaitwa na ule uliotangulia. Mtoto anaujua wimbo wa saba. Jibu la saba mara nane, likiwa peke yake, halijui.

Hasara yake haionekani darasa la pili. Inakuja kuonekana kwenye kurahisisha sehemu, kutafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS) na kugawanya kwa njia ndefu, ambako kuzidisha ni hatua ndogo ndani ya kazi kubwa. Nafasi tuliyonayo kichwani ya kushikilia mambo wakati tunayafanyia kazi ni finyu kwa kila mtu, mkubwa au mdogo. Mtoto anayeitumia yote kuimba tebo hulipata jibu, halafu akainua kichwa na kukuta amesahau lilikuwa la hatua gani.

Kadi inaukata wimbo huo vipande. Mbele imeandikwa 7 × 8, nyuma 56, basi. Walimu wetu wamekuwa wakikata kadi za manila tangu zamani, na sina hakika kwamba kadi ya simu inaishinda ya manila kwa sababu ya rangi, muziki au vikatuni vinavyoruka. Simu ina jambo moja tu ambalo manila haina: inakumbuka ni kadi ipi mtoto aliikosea juzi, ipi aliijibu vizuri wiki iliyopita, na kila moja irudi lini.

Wazo hilo ni kongwe kuliko kompyuta. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua, na marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali hushika kuliko marudio mengi yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 1972 mwandishi wa sayansi Sebastian Leitner akaeleza namna ya kuitumia kanuni hiyo nyumbani kwa kisanduku chenye vyumba. Kadi uliyoijibu inahamia chumba cha mbele, kinachofunguliwa kwa nadra zaidi. Uliyoikosea inarudi chumba cha kwanza, kinachofunguliwa kila siku. Mwaka 1987 Piotr Woźniak wa Poland alikuja na SuperMemo, programu ya kompyuta inayokokotoa siku ya kurudia kila kadi, na kwa hesabu za Woźniak ndipo Damien Elmes alipoanzia alipotoa Anki mwaka 2006. Anki haina uzuri wa kumvutia mtoto. Sioni hilo kuwa kasoro.

Kabla ya kuigusa simu, hesabu kadi. Tebo ya 1 hadi ya 10 ina majibu 100, na zipo programu zinazommwagia mtoto zote 100 siku ya kwanza, kisha mzazi anashangaa kwa nini kufikia Jumatano kifaa kimetupwa kochini. Hazihitajiki zote. Chukua trei ya mayai: upande mmoja mayai 5, upande wa pili 6. Igeuze. Sita mara tano imekuwa tano mara sita, na mayai ni 30 yale yale. Kreti ya soda inafundisha somo hilo hilo kwa chupa 24, 4 kwa 6. Mtoto akishaamini kwamba kugeuza hakubadilishi jibu, 100 zimeshuka hadi 55. Ondoa tebo ya 1, zinabaki 45. Ondoa ya 10, zinabaki 36. Ya 2 ni kujumlisha namba na yenyewe, jambo ambalo amelizoea tangu darasa la kwanza, zinabaki 28. Ya 5 karibu kila mtoto anaijua kwa sababu kila jibu linaishia na 0 au 5. Zinabaki 21.

Na katika hizo 21, sita ni za 9, zenye njia yake: mara 9 ni mara 10 kasoro moja. 9 × 7 ni 70 toa 7. Kwa hiyo mzigo wenyewe ni kadi 15, na mtoto akionyeshwa hesabu hii ya kupunguza, akazifuta mwenyewe kwenye jedwali kwa penseli, uso wake hubadilika. Nawasihi wazazi wasiiruke hatua hiyo hata kama wana haraka ya kufungua programu.

Siku ya mitihani, ya homa au ya hofu, kumbukumbu humtoroka mtu yeyote. Mtoto mwenye kadi peke yake hapo ameishiwa. Aliyeelewa kwamba 6 × 7 ni 5 × 7 ukiongeza 7 nyingine anajua pa kupita: 35, kisha 42. Kwa hiyo kila kadi mpya ipitie kwanza mezani, kwa maharage, vifuniko vya chupa au michoro ya nukta, mtoto aseme kwa maneno yake jibu linapatikanaje. Ndipo iingie kwenye simu. Kadi inatunza kilichokwisha kueleweka, na isipewe kazi ya mwalimu.

Kuna atakayenikumbusha Tanga. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji 170 hivi vya mkoa huo, kwa watoto ambao wengi wao hawakuwa shuleni, wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu kuwasimamia. Watoto walipiga hatua, na Mei 2019 timu za onebillion na Kitkit School zikagawana ushindi. Ni kweli, kifaa kinaweza kufundisha. Lakini programu zile zilijengwa kama somo zima, lenye maelezo, vitu vya kuhesabu, sauti na mpangilio wa hatua kwa hatua. Programu ya kadi ni kifaa kidogo zaidi cha kazi moja, na anayetaka ifanye kazi ya somo zima atalaumu simu bure.

Sasa makosa. Mtoto anayekosea 7 × 8 ni nadra sana akujibu 31. Atakuambia 54, au 48, au 63. Zote ni majibu halali ya tebo, ila ya maswali ya jirani. Hakubahatisha, amevuta jibu lililo karibu likatoka la pembeni. Watafiti wa Ubelgiji Alice De Visscher na Marie-Pascale Noël walionyesha mwaka 2014 kwamba hesabu za kuzidisha huingiliana kwenye kumbukumbu kadiri tarakimu zake zinavyofanana, na kwamba kuna watu wanaoathirika na mwingiliano huo kuliko wengine. Kwa mzazi maana yake ni hii: 7 × 8, 6 × 9 na 6 × 8 zisianze wiki moja. Anza na 7 × 8 ukiichanganya na zilizo mbali nayo, mfano 3 × 4 na 6 × 6. Ikishatulia, lete jirani yake mmoja. Programu nyingi haziyajui haya. Zinaleta tebo nzima ya 7 kwa mfuatano, yaani ule wimbo tuliotaka kuukata unarudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa sababu hiyo hiyo sizipendi programu zinazotoa majibu manne ya kuchagua. Mtoto anaonyeshwa 54, 56, 48 na 63 kwa pamoja, kila mara. Anachojifunza ni kutambua jibu, si kulitoa kichwani, na njiani tumemkaririsha makosa matatu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, wengine wakaambiwa waandike wanachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima wakawa mbele kwa wazi. Kazi iko kwenye ile nukta ya kuvuta jibu kutoka kichwani, na inataka ukimya mfupi usio raha. Kwa hiyo sharti liwe kwamba mtoto atamke jibu kwa sauti kabla kadi haijageuzwa. Kadi iliyogeuzwa mapema imekuwa karatasi ya kusoma.

Atamke kwa lugha gani? Swali hili huwa haliulizwi, na kwetu lina uzito. Elizabeth Spelke na Sanna Tsivkin, katika utafiti wa mwaka 2001, waliwafundisha hesabu mpya watu wanaojua Kirusi na Kiingereza. Majibu kamili waliyojifunza kwa lugha moja yalitoka upesi zaidi walipoulizwa kwa lugha ile ile. Makadirio hayakujali lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania anasoma hisabati kwa Kiswahili, na programu nyingi za simu zinamsomea kadi kwa Kiingereza. Anki inaruhusu kurekodi sauti yako kwenye kadi. Rekodi "saba mara nane" kwa sauti ya bibi, ya kaka, au ya mtoto mwenyewe, maadamu ni kwa lugha ya darasani kwake. Akikaribia kidato cha kwanza, ambako somo litageuka kuwa la Kiingereza, ongeza seti ya pili ya kadi zile zile kwa Kiingereza. Nashuku kwamba baadhi ya wanaoitwa wazito wa hisabati kidato cha kwanza wanayajua majibu yote, ila kwa lugha nyingine.

Kuhusu saa ya kuhesabu sekunde: Uingereza, tangu 2022, kila mtoto wa mwaka wa nne katika shule za serikali za England hufanya jaribio la tebo kwenye skrini, maswali 25 hadi 12 × 12, sekunde 6 kwa kila swali. Halina alama ya kufaulu. Sekunde hizo 6 ni kipimo kizuri cha mwisho wa safari, na mimi huridhika mtoto akijibu ndani ya tatu au nne bila kunong'ona. Kuziweka siku ya kwanza ni jambo jingine. Mark Ashcraft, aliyetafiti hofu ya hisabati kwa miaka mingi, alionyesha kwamba hofu yenyewe hukalia ile nafasi finyu ya kichwani inayohitajika kwa hesabu. Saa inayolia mbele ya mtoto anayeanza inamnyima kile inachokipima. Izime.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi. AnkiDroid, yaani Anki ya simu za Android, haina malipo (ya iPhone inalipiwa), na ukishaipakua haihitaji bando. Ikija, imewekwa kutoa kadi mpya 20 kwa siku. Shusha hadi 2. Zima data wakati wa zoezi, maana ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha kuvunja kikao. Dakika tano kila jioni zinatosha, na ni bora kuliko saa nzima ya Jumamosi. Kitufe cha "nimepata" au "rudia" akibonyeze mtu mzima, kwa sababu mtoto mwerevu hugundua haraka kwamba akijisifia kadi zinapotea. Jibu lililopatikana kwa kuhesabu vidole ni sahihi, hongera apewe, lakini kadi ibonyezwe "rudia".

Kama simu ni moja na baba anaondoka nayo alfajiri hadi usiku, tumia manila na maboksi matatu ya viberiti kwa mtindo wa Leitner: la kila siku, la kila siku ya tatu, la kila wiki. Hutapoteza kikubwa.

Kadi 21 zikishatulia, usikimbilie tebo ya 12. Zigeuze kwanza. Mbele andika 56 ÷ 7, nyuma 8. Baadaye futa hata alama ya kugawanya, iachie kadi namba peke yake: 42, na mtoto aseme ni ya nani na nani. Hapa kazi inanoga, kwa sababu kuna kadi zenye majibu zaidi ya moja. 24 ni 3 × 8, pia ni 4 × 6. 36 ni 4 × 9 na ni 6 × 6. Andika yote nyuma ya kadi na usimpe alama mpaka ayataje yote, kwani kutafuta KDS kunaanzia hapo. Kisha penyeza 37. Atapekua kila tebo anayoijua, atarudi akilalamika kwamba kadi imekosewa, na hapo mtakuwa mmeshaingia kwenye namba tasa.