Mjusi Kafiri na Mashine ya Sabuni

Usiku wa tatu tangu niiweke jikoni, mashine ililia. Zzii, kimya. Zzii tena. Nikaamka, nikawasha taa, nikakuta vilima vinne vya povu kwenye sinki na mjusi kafiri kajibandika ukutani kichwa chini, ananitazama kama mtu aliyefumaniwa. Kila alipokatiza chini ya mdomo wa ile mashine kuwinda mbu, ilimpa sabuni.

Niliinunua Kariakoo kwa Sh 38,000. Plastiki nyeupe, betri nne, haina hata jina la kiwanda. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia kwamba kubonyeza pampu siku hizi ni ushamba. Tangu hapo kila mgeni anayetoka kunawa huniuliza swali lile lile: na mimi ninunue? Jibu langu limekuwa likirefuka kila mwezi, na linaanzia kwa yule mjusi.

Jirani yangu anaamini kwamba mashine hizi huhisi joto la mkono. Zipo taa za getini zinazofanya hivyo kweli, lakini mashine ya sabuni haimo katika ukoo huo, na mjusi ni shahidi. Mjusi hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la ukuta aliolalia. Ingekuwa ni habari ya joto, ningelala usingizi wangu mpaka asubuhi.

Inama uchungulie chini ya mdomo wa mashine. Utaona vishanga viwili vyeusi vinavyong'aa. Kimoja ni taa, kingine ni jicho. Taa hiyo hutoa mwanga wa infraredi, ule uliokaa nje kidogo ya wekundu wa mwisho ambao macho yetu yanaweza kuuona. Sisi huishia kwenye mawimbi ya nanomita 700 hivi. Taa za namna hii kwa kawaida huwa za 850 au 940. Haiwaki moja kwa moja. Inapepesa, mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwanza ili isimalize betri, pili kwa hila ninayoipenda sana: jicho linapima mwanga wakati taa imewaka, linapima tena wakati imezima, kisha linatoa kimoja katika kingine. Kinachobaki ni mwanga wa taa yenyewe uliogonga kitu ukarudi. Ukizidi kiwango kilichowekwa kiwandani, mota inazunguka na sabuni inashuka. Sensa yote ndiyo hiyo, na si ile ya watu na makazi: haihesabu wala haitambui mtu. Karoti kwake ni mkono. Mwiko ni mkono. Mjusi ni mkono wenye mkia.

Ukitaka kuiona taa hiyo ikipepesa, zima taa za chumba, washa kamera ya simu, ile ya mbele ya kujipigia picha, uielekeze chini ya mdomo. Simu nyingi zitakuonyesha nukta ya zambarau au nyeupe ambayo jicho lako tupu halina habari nayo. Kamera ya nyuma mara nyingi imewekewa kichujio, kwa hiyo usikate tamaa haraka. Jaribu vilevile na rimoti ya televisheni. Ni mwanga wa ukoo huo huo.

Ukishaielewa taa, vituko vyote vinaeleweka. Jua la saa nne likiingia dirishani lina infraredi yake nyingi sana, likamwagika kwenye jicho mpaka mwanga mdogo wa mashine ukamezwa; mkono unawekwa, hakuna kitu. Sinki la chuma linalong'aa hurudisha mwanga vizuri kuliko kiganja, ndiyo maana mashine iliyowekwa chini mno hujitapikia sabuni yenyewe. Tone moja la sabuni likikaukia kwenye kile kishanga, umepata mashine yenye mtoto wa jicho.

Na ngozi nyeusi? Mwaka 2017 Mnaijeria Chukwuemeka Afigbo alisambaza video fupi iliyozunguka dunia nzima: mkono mweupe unawekwa chini ya mashine ya sabuni, unapewa, mkono mweusi unawekwa, unageuzwa huku na huku, unanyimwa, karatasi nyeupe ya kufutia mikono inawekwa, inapewa. Watu walicheka, wengine wakakasirika, na waliokasirika ndio niliowaunga mkono. Melanini ya ngozi hufyonza mwanga, lakini kadiri mawimbi yanavyorefuka kuelekea infraredi ndivyo inavyofyonza kidogo zaidi. Kwa hiyo mashine inayotumia mawimbi hayo marefu, na ambayo kiwango chake kimepimwa kwa mikono ya watu wa kila rangi, haina sababu ya kumbagua mtu. Ikibagua, aliyeitengeneza alijaribu kwa mkono wake akaridhika. Ukinunua, jaribu dukani kwa mgongo wa mkono wako, maana kiganja ni cheupe kwetu sote na kitakudanganya.

Mama yangu alikuja kutoka Muheza. Nikamwambia, "Mama, weka tu mkono hapo chini." Akauweka pembeni kidogo, nje ya ule mwanga, akasubiri kwa adabu. Mashine kimya. "Mwanangu," akasema, "au inataka niiamkie kwanza?" Halafu akachukua kipande cha sabuni ya mche kilichokuwa kwenye kisahani cha kuoshea vyombo, akanawa, akaenda zake.

Sasa nije kwenye hoja ambayo wauzaji hawaisemi. Sifa kuu ya mashine hizi ni kwamba hugusi kitu. Lakini fikiria mpangilio wa kunawa. Pampu ya kubonyeza unaigusa lini? Kabla. Uchafu wowote uliookota pale juu unaondoka na maji dakika hiyo hiyo, kwa sabuni ile ile uliyoipampu. Unachokigusa baada ya kunawa, mkono ukiwa safi, ni koki ya bomba, ambayo uliifungua kwa mkono uliotoka kupasua samaki. Tumenunua jicho la umeme la kulinda mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea uko wazi. Kama una pesa ya kutoa jikoni kwa ajili ya kutogusa, ipeleke kwenye koki ya mkono mrefu unaosukumwa kwa kiwiko.

Au jenga kibuyu chirizi. Wazo lile la dumu lililoning'inizwa kwenye mti, lenye kamba inayoshuka mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga, lilienea kutoka Zimbabwe miaka ya 1980 na mpaka leo sijaona mashine iliyolishinda kwa akili. Mguu ndio unaofanya kazi, mkono unapokea maji, sabuni inaning'inia pembeni kwa kamba yake. Hakuna betri. Mwaka 2020, wakati wa korona, mtoto wa miaka tisa wa Bungoma, Kenya, alitengeneza cha mbao chenye kanyagio la maji na kanyagio la sabuni, akapewa tuzo na Rais wa nchi yake. Na hapa kwetu? Mapipa ya kukanyaga yaliyowekwa kwenye milango ya ofisi na masoko mwaka ule, leo mengi ni nyumba za buibui. Niliona moja limeoteshwa mchaichai. Tulikuwa tayari na kitu kilichotatua tatizo halisi, tukakiacha kikauke, tukaenda kununua kinachotatua tatizo ambalo hatuna.

Kuna kingine ndani ya tangi, na hiki kinanikera zaidi. Mashine nyingi za bei yangu ni za povu: mota inasukuma sabuni na hewa kwa pamoja kupita kwenye wavu mwembamba. Wavu huo unataka sabuni nyepesi. Sabuni ya maji tunayonunua kwa dumu mtaani ni nzito, na uzito wake kwa sehemu kubwa ni chumvi. Wanaoitengeneza wanaijua siri hiyo kwa mkono. Chembe za sabuni ndani ya maji hujikusanya katika vidonge vidogo sana. Ukiongeza chumvi, vidonge vinarefuka kuwa kama tambi, tambi zinasokotana, sabuni inakuwa nzito na mteja anaona anapata thamani ya pesa yake. Ukizidisha chumvi inarudi kuwa nyepesi, na hapo ndipo utakaposikia mtengenezaji anayeanza akilalamika kwamba sabuni "imekata". Ukiimimina hiyo nzito kwenye mashine, mota inaguna bila kitu kutoka, na kesho yake mdomo umeziba kwa ukoko mweupe.

Basi tunafanya nini? Tunaichakachua. Maji kidogo, tikisa, povu safi kabisa. Nami nilifanya hivyo. Lakini ukiizimua sabuni unazimua na dawa ya kuizuia isioze, kama iliwekwa, na ndiyo, sabuni ya maji huota bakteria. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya kupima sampuli zaidi ya 500 za sabuni kutoka kwenye vyombo vya kujaziwa katika vyoo vya umma Marekani, wakakuta karibu robo zina bakteria kupita kiasi. Miaka tisa kabla ya hapo, mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kuhusu usafi wa mikono kwa watoa huduma za afya ulishaonya: usiongezee sabuni juu ya sabuni iliyobaki. Chombo kiishe, kioshwe, kikauke, ndipo kijazwe. Sasa tafuta nyumba moja mtaani kwako inayofanya hivyo. Pampu ya chupa unaweza kuichomoa na kuisuuza kwa maji ya moto; tangi la mashine yangu limeunganishwa na kichwa chenye waya, na karatasi ya maelekezo inakataza kabisa kulizamisha.

Kipande cha sabuni, ambacho watu wanakiona kichafu kwa kuwa kila mtu anakishika, kina sifa mbaya isiyo haki yake. Mwaka 1988 watafiti wawili, Heinze na Yackovich, walipaka bakteria makusudi kwenye vipande vya sabuni, wengi kuliko wanaopatikana kwenye sabuni iliyotumika kawaida, kisha wakawanawisha watu 16. Hakuna hata mmoja aliyebaki na kiwango cha bakteria hao kinachoweza kupimika. Kinachotakiwa ni kisahani chenye matundu ili kipande kikauke. Mama wa Muheza alikuwa sahihi bila maabara.

Umri wa mashine siuzungumzii sana, maana hauna mengi. Yangu ilianza kuvuja mwezi wa saba. Nikaipeleka kwa fundi, akaizungusha mara mbili mkononi, akauliza skrubu ziko wapi. Hazipo, imegandishwa kiwandani, kuifungua ni kuivunja. Zenye betri ya ndani ya kuchaji ni hivyo hivyo, ila taka zake ni mbaya zaidi, kwa sababu betri ya lithiamu ikipondwa kwenye gari la taka inaweza kuwaka moto.

Je, kuna anayefaidika nayo? Yupo. Aliyepooza mkono mmoja, huyo namwambia anunue leo. Mwenye baridi yabisi ya vidole. Mtoto mdogo anayekubali kunawa kwa sababu tu mashine inalia zzii. Anayeshika kuku mbichi kutwa nzima, fundi magari mwenye grisi, saluni, choo cha wageni, mgahawa. Wengine wote, pampu ya kawaida. Ukiamua kununua hata hivyo, chukua yenye skrubu, yenye tangi linalochomoka peke yake, yenye kitufe cha kupunguza kiasi, na usiiweke karibu na dirisha wala ukuta wa mijusi.

Yangu bado ipo pale, kwa kuwa nyumbani kwetu hakitupwi kitu. Betri nimezitoa. Mbili nimezitia kwenye rimoti ya televisheni, nazo zinaendelea kupepesa taa ile ile.