Kabla ya Kupaua: Chuma au Mbao? (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tuliiacha nyumba ikiwa imefungwa mkanda, zege likimwagiwa maji asubuhi na jioni. Kuta zimesimama, juu ni mbingu tupu, na sasa ushauri unamjia mwenye nyumba kutoka kila upande. Seremala anasema mbao. Mchomeleaji anasema chuma hakiliwi na mchwa. Jirani anasema mbao za siku hizi ni changa. Wote watatu wanasema kweli, na mwenye nyumba bado hajui anunue nini.

Mimi huanza na kipimo kimoja: kutoka ukuta hadi ukuta ni mita ngapi?

Wazee wa pwani walilijua swali hili barabara. Ingia nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe, Unguja. Vyumba ni virefu, lakini upana wake huwa kati ya mita 2.5 na 3 hivi. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti yenye uwezo wa kubeba mawe na chokaa bila kupinda haikuvuka zaidi ya hapo. Wakataji walizipanga kwa unene na kila kundi likawa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yaliyorudi na kusi yalizipeleka hadi miji ya Ghuba, na huko nako vyumba vikajengwa kwa kipimo cha mikoko ya Rufiji na Lamu. Fikiria jambo hilo: mti wa matopeni, uliokatwa maji yakiwa yamekupwa, ukaamua upana wa sebule ya mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1883 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar akajenga jumba la Beit al-Ajaib, hapo hapo Mji Mkongwe. Nguzo za chuma zikazunguka baraza zake, mihimili ya chuma ikabeba sakafu, na kumbi zikapanuka kuliko boriti yoyote ingeweza kuruhusu. Chuma kilivuka pale mikoko iliposhindwa.

Kanuni hiyo haijabadilika. Kwa nyumba ya kuishi, ambayo kenchi yake inavuka mita 7 au 8 na kuta za ndani zipo za kuisaidia, mbao inatosha kabisa. Kwa ukumbi, ghala, kanisa au msikiti unaotaka mita 15 bila nguzo katikati, nitakwambia chuma bila kusita. Kuilazimisha mbao ya inchi mbili kwa sita ivuke umbali huo ni kuwaweka watu chini ya hatari.

Baada ya kipimo, tazama hewa. Hapa ndipo ushauri mwingi unapopotea, kwa sababu watu hudhani chuma hakifi. Kinakufa, na pwani kinakufa upesi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi hushika unyevu, na unyevu ukikaa juu ya chuma kutu haina haja ya kusubiri mvua. Tena kutu huvimba: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana mhimili uliozikwa ndani ya ukuta wa chokaa huupasua ukuta kutoka ndani. Desemba 25, 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la miaka 137 huwa limebeba maradhi mengi, na tangu siku ile sijapata kuingia jengo la zamani la pwani bila kutafuta mistari ya rangi ya kahawia kwenye plasta.

Niliwahi kuitwa kutazama ukumbi wa shule moja karibu na bahari, kenchi zote za bomba la chuma. Bomba zenyewe zilikuwa nzima. Maungio yalikuwa yamekwisha. Moto wa kuchomelea huunguza zinki inayolinda chuma, na fundi aliondoka bila kusugua kila ungio kwa brashi ya waya na kulipaka rangi yenye zinki. Ncha za bomba nazo ziliachwa wazi, unyevu ukaingia na kuzila kwa ndani ambako hakuna jicho linalofika. Shule ilikuwa imelipia chuma ili ipate amani, na nilipowaona watoto wamekaa chini yake moyo wangu uliingia baridi.

Sasa mbao. Nyingi kati ya zile tunazopaulia hutoka Nyanda za Juu Kusini, hasa misindano ya shamba la Sao Hill wilayani Mufindi. Mninga na mvule tuviachie milango na samani; kuvificha darini ni kuukosea heshima mti uliochukua miaka mingi kukua. Msindano ni laini na mchwa wanaupenda, lakini una sifa moja kubwa: unakunywa dawa vizuri. Dawa iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki, nayo husukumwa ndani ya mbao kwa shinikizo hadi ipenye. Ndiyo inayoacha ule ukijani. Basi usinunue ukijani wa nje. Omba mbao moja ikatwe katikati mbele yako. Kama rangi imeishia kwenye ngozi na moyo ni mweupe kama muhogo, hiyo imepakwa tu. Kila mahali seremala atakapokata, ncha ipakwe dawa upya. Na ninawasihi kina mama na wote wenye majiko ya kuni: vipande vinavyobaki visipikiwe kamwe. Aseniki iko kwenye moshi, iko kwenye majivu.

Mbao pia iwe kavu. Ikishuka chini ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu hawapati pa kuishi. Ikiwekwa mbichi itajipinda juu kwa juu, misumari italegea, na ile shaba ya dawa, ikiwa majimaji, itayala mabati yanayoigusa. Wengi hulaumu bati wakati kosa ni la haraka.

Kuhusu moto, husemwa kwamba mbao nene huungua polepole, kama milimita 0.7 kwa dakika, huku chuma kikipoteza karibu nusu ya nguvu zake kwenye joto la nyuzi 600. Ni kweli kwa magogo makubwa. Mbao yetu ya mbili kwa nne ni nyembamba mno kupata faida hiyo, na bomba jembamba nalo hupata moto upesi. Katika nyumba zetu usalama uko zaidi kwenye nyaya za umeme kuliko kwenye kenchi.

Kwa hiyo, kwa nyumba ya kawaida iliyo karibu na bahari, mimi huchagua mbao kavu iliyotibiwa, kenchi zikifungwa kwenye mkanda kwa utepe wa chuma ili upepo usizinyanyue. Bara, mbali na chumvi, na kama una mchomeleaji unayemwamini, chuma kinaweza kukufaa.

Vyovyote utakavyochagua, mwambie fundi wa dari aache tundu lenye kifuniko, sentimita 60 kwa 60, mahali ngazi inapofika. Kila mwaka kabla ya masika panda na tochi. Kwenye chuma tazama maungio. Kwenye mbao tafuta njia za udongo za mchwa, zikipanda kutoka ukutani kama uzi.

Juma lijalo: mabati na geji zake.